Mtoto kaanza nasari, mafua hayaishi: mzazi afanye nini?

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliingia katika chumba changu cha matibabu Ijumaa moja ya mwezi Machi, akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka mitatu na nusu. Kabla hata hajaketi, aliufungua mkoba wake na kupanga chupa za dawa juu ya meza yangu. Zilikuwa saba. Tatu zilikuwa za antibayotiki, mbili za kikohozi, moja ya homa na moja ya vitamini. Nyingi zilikuwa zimetumiwa nusu tu.

“Daktari,” akasema, “tangu aanze nasari mwezi wa kwanza hajamaliza wiki mbili bila kuugua. Akipona mafua anaanza kuhara, akiacha kuhara anaanza kukohoa. Kazini nimeshapewa onyo kwa sababu ya ruhusa. Majirani wananiambia ana damu dhaifu. Niambie ukweli, kuna kitu kibaya?”

Nilimwomba kitabu cha kliniki. Chanjo zote zilikuwa zimekamilika. Mwezi Desemba mtoto alikuwa na kilo 13.5, na siku hiyo mizani ilionyesha kilo 14.1. Wakati sisi tukizungumza, mgonjwa mwenyewe alikuwa chini ya meza akiendesha gari la kifuniko cha chupa, kamasi zikimtiririka. Nilimweleza mamake kwamba magonjwa yale yalikuwa ya kweli, lakini mtoto alikuwa mzima.

Jumatatu iliyofuata akaja baba mmoja kutoka Kayole na binti wa miaka miwili, naye pia alikuwa ameanza kupelekwa nasari mwaka huo. Alikuwa amekohoa siku nne. “Nilidhani ni hii homa yao ya nasari tu,” baba akaniambia. Nilimvua mtoto fulana na kutazama kifua. Alikuwa akipumua mara 56 kwa dakika, na sehemu ya chini ya kifua ilikuwa ikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Siku hiyo hiyo alilazwa hospitalini na kuwekewa oksijeni. Tunashukuru kwamba alipona na kurudi nyumbani baada ya siku tano.

Ndugu msomaji, wazazi hawa wawili ndio somo letu la leo. Wa kwanza alikiogopa kitu cha kawaida hata akakitibu kwa chupa saba. Wa pili alikuwa amezoea mno, hata hatari ilipofika hakuitambua. Mzazi wa mtoto wa nasari anapaswa kujua mpaka ulio kati ya mambo haya mawili, na habari njema ni kwamba mpaka huo unaweza kuuona wewe mwenyewe ukiwa nyumbani.

Kwa nini augue sasa?

Mtoto anapozaliwa huwa na kinga aliyoachiwa na mama yake, nayo hupungua kadiri miezi inavyopita. Baada ya hapo lazima ajijengee kinga yake mwenyewe, na mwili hauwezi kujifunza kupigana na kiini ambacho haujawahi kukutana nacho. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake au yaya ndani ya nyumba moja kule Buruburu au Dandora hakukutana na viini vingi. Kisha asubuhi moja ya Januari anavalishwa sweta, anapelekwa katika chumba kimoja chenye watoto thelathini, nao wanashiriki vikombe, kalamu za rangi, andazi moja na kamasi za kila mmoja wao.

Aidha, mafua si ugonjwa mmoja. Virusi vya jamii ya raino, ambavyo ndivyo huleta mafua mengi, vina aina zaidi ya 100. Akipona aina moja, mwili wake umeijua hiyo moja. Wiki ijayo mwenzake ataleta nyingine. Ndiyo maana mzazi huona kana kwamba ni ugonjwa ule ule ambao haukupona, ilhali mara nyingi ni mgeni mpya kabisa.

Mara ngapi ni kawaida?

Mtoto mdogo mwenye afya njema huweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na yule anayekaa na wenzake wengi huweza kufikisha hata mara kumi au zaidi katika mwaka wa kwanza. Hebu tupige hesabu. Mafua huchukua siku saba hadi kumi. Ukizidisha mara nane kwa siku kumi, unapata siku 80. Hiyo ni karibu miezi mitatu ya kamasi katika mwaka mmoja, kwa mtoto asiye na kasoro yoyote! Zaidi ya hayo, kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili hata tatu baada ya homa kuisha.

Je, taabu hii ina faida yoyote? Ndiyo. Utafiti uliofanywa mjini Tucson huko Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 13. Wale waliolelewa katika vituo vyenye watoto wengi waliugua mafua mara nyingi zaidi walipokuwa na miaka miwili, lakini walipofika umri wa shule ya msingi waliugua mara chache kuliko wenzao waliokaa nyumbani. Kwa maneno mengine, karo ya kinga hulipwa ama mapema ama baadaye.

Zile chupa saba

Sasa turudi mezani pangu. Antibayotiki huua bakteria. Haziui virusi, na mafua husababishwa na virusi. Unapomnunulia mtoto amoksilini kwenye kemisti kwa sababu ya kamasi, hata kama kamasi hizo zimegeuka kijani au manjano, humponyeshi. Atapona kwa siku zile zile ambazo angepona bila dawa, na wewe utaamini ni dawa iliyomponyesha. Pengine utampatia kuhara. Tena unawafundisha bakteria walio mwilini mwake kuizoea dawa hiyo, ili siku atakapopata nimonia ya kweli dawa ishindwe kufanya kazi.

Sisemi haya kwa kujitukuza. Binti yangu alipoanza nasari, alipougua mara ya tatu nilifungua chupa ya amoksilini mimi mwenyewe, daktari mzima, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuamka usiku. Alihara siku tatu, na mafua yakabaki pale pale. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: “Huyu angekuwa mtoto wa mgonjwa wako, ungempa?” Sikuwa na jibu.

Dawa za kikohozi za chupa hazimsaidii sana mtoto mdogo, na baadhi humfanya asinzie kupita kiasi. Dawa nyingi za mafua pia zina parasetamo ndani yake, na mzazi anayempa mtoto dawa ya mafua pamoja na ya homa huenda akampa kipimo maradufu bila kujua. Soma kibandiko. Nazo vitamini za kuongeza damu au kinga, mtoto anayekula vizuri hazihitaji. Pesa hizo nunua mayai, omena, ndengu, maharagwe na machungwa.

Na tafadhali, mtoto asikatwe kimio kwa sababu ya kikohozi. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakileti kikohozi. Nimeona watoto waliovuja damu na kupata maambukizi baada ya kukatwa na wembe.

Tiba ya nyumbani

Mtoto mwenye mafua anahitaji vitu vichache:

Kwanza, maji na vinywaji kwa wingi, kidogo kidogo na mara kwa mara. Uji mwepesi, supu na maji ya vuguvugu yenye ndimu vinafaa. Aliyezidi mwaka mmoja anaweza kupewa kijiko kidogo cha asali kutuliza koo. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe.

Pili, pua iliyoziba isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi ya puani, hasa kabla ya kula na kulala.

Tatu, akiwa na homa na anasumbuka, apewe parasetamo kulingana na uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa saa 24. Ikiwa dawa yako ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, mtoto wa kilo 12 atatosheka na mililita 5 hadi 7.5 kwa mara moja. Pima kwa sindano au kijiko cha dawa, si kijiko cha chai cha nyumbani. Usimpe mtoto aspirini.

Nne, asifunikwe mablanketi akiwa anachemka. Mvalishe nguo nyepesi.

Akiwa anahara, dawa yake ni ORS na zinki. Changanya pakiti ya ORS na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa sababu kuna pakiti za nusu lita na za lita moja. Kila anapohara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, na aliyezidi miaka miwili mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi kisha uanze tena kwa kijiko. Zinki ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14 kwa aliyezidi miezi sita, hata kama kuhara kumekoma. Aendelee kula.

Jifunze kuhesabu pumzi

Kama utasahau mengine yote niliyoandika leo, basi usisahau hili. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano nchini mwetu, na huanza kama mafua ya kawaida. Homa peke yake haitakuambia ni ipi. Kamasi hazitakuambia. Pumzi ndiyo itakayokuambia.

Subiri mtoto atulie. Asiwe analia wala ananyonya. Akiwa amelala ni bora zaidi. Inua fulana uone kifua na tumbo. Chukua simu au saa, na uhesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwani watoto hawapumui kwa mpango. Ukiwa na shaka, rudia.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, kipimo ni mara 50. Huyo anahitaji kuonwa na daktari au muuguzi siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, usingoje asubuhi. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu. Kwa wakazi wa Umoja, Komarock, Kayole na Dandora, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu.

Usimsahau yule mdogo aliyebaki nyumbani. Mtoto wa nasari huleta virusi na kumbusu navyo kichanga. Kichanga cha chini ya miezi miwili mwenye homa, anayekataa kunyonya au anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika ni mgonjwa wa dharura.

Wakati si kawaida tena

Yapo mambo ambayo hatupaswi kuyaita “magonjwa ya nasari”.

Nairobi malaria ni chache, lakini wengi wetu huwapeleka watoto mashambani shule zinapofungwa. Mtoto aliyerudi kutoka Kisumu, Siaya, Busia au pwani kisha akapata homa lazima apimwe malaria, hata kama ana kamasi. Mwambie daktari mlikuwa wapi. Vile vile, usimpe dawa ya malaria bila kupimwa.

Kikohozi kikizidi wiki mbili bila dalili ya kupungua, na hasa ikiwa mtoto anakonda au nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa, apimwe kifua kikuu. Anayekohoa kila usiku au kifua kinacholia kama filimbi kila apatapo mafua huenda ana pumu, na pumu ina dawa nzuri. Anayevimba vidole, kulia kwa maumivu ya mifupa au kugeuka macho manjano apimwe selimundu, hasa ikiwa asili ya familia ni magharibi mwa Kenya au pwani. Na mtoto anayelazwa tena na tena kwa nimonia, au asiyeongezeka uzito, apimwe pia virusi vya ukimwi. Kupimwa si aibu. Dawa zipo, na mtoto anayeanzishiwa mapema hukua kama wenzake.

Shahidi mkuu ni mizani. Mtoto anayeugua mara kwa mara lakini uzito wake unapanda, anacheza na kula vizuri katikati ya ugonjwa mmoja na mwingine, huyo anajenga kinga. Mtoto ambaye mstari wake katika kitabu cha kliniki umelala au umeshuka anaomba msaada.

Kinga ni bora kuliko tiba

Hatuwezi kuzuia kila mafua, wala hatuhitaji. Lakini tunaweza kuzuia yale mabaya.

Hakikisha chanjo zimekamilika. Chanjo ya kuzuia nimonia ilianza kutolewa kwa watoto wote nchini mwaka 2011, na ile ya virusi vya rota, vinavyoleta kuhara kukali, mwaka 2014. Zote hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Ile inayosahauliwa sana ni chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, kwa sababu wakati huo mama ameshazoea kutokwenda kliniki. Fungua kitabu leo uangalie. Matone ya vitamini A hutolewa kila miezi sita hadi mtoto atimize miaka mitano, na dawa ya minyoo kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, baada ya choo, na anaporudi tu kutoka shuleni. Najua mitaani kwetu maji hukatika kwa siku kadhaa. Kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa mtungi mdogo na kamba hutumia maji kidogo sana, na shule yoyote inaweza kuwa nacho mlangoni. Unapotafuta nasari, usiangalie tu karo na michoro ya ukutani. Uliza: watoto wananawa wapi? Madirisha yanafunguliwa? Kila mmoja ana kikombe chake?

Hali kadhalika, moshi huharibu mapafu ya mtoto na kurahisisha njia ya nimonia. Baridi ya Juni hadi Agosti hutufanya tufunge madirisha na kuingiza jiko la makaa ndani. Tafadhali usifanye hivyo. Mbali na moshi, makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua familia nzima usingizini. Anayevuta sigara avutie nje.

Aende shule au abaki?

Mtoto mwenye kamasi tu, anayekula na kucheza, anaweza kwenda shule. Mwenye homa abaki nyumbani hadi apitishe saa 24 bila homa na bila dawa ya homa. Anayehara au kutapika abaki hadi siku mbili zipite tangu mara ya mwisho. Mwenye tetekuwanga abaki hadi malengelenge yote yakauke. Mwenye surua abaki angalau siku nne baada ya vipele kutokea, na kituo cha afya kiarifiwe. Usimpe mtoto dawa ya homa alfajiri ili apite langoni, kwa maana saa nne mwalimu atakupigia simu, na wenzake watano watakuwa wameambukizwa.

Najua kusema ni rahisi. Mzazi anayeuza mboga au anayelipwa kwa siku Industrial Area akikosa kwenda kazini, hakuna chakula jioni. Kwa hiyo panga kabla ya ugonjwa. Kaeni na baba mtoto, shangazi au jirani mwaminifu, mkubaliane nani atabaki na mtoto siku ipi. Waeleze wakubwa wako mapema kwamba mwaka wa kwanza wa nasari utakuwa hivi, na kwamba utapita. Yule mama wa Umoja alikubaliana na dada yake anayeishi Donholm kugawana siku. Aliporudi kwangu mwezi Julai mtoto alikuwa ameugua mara tatu nyingine, naye hakuwa amenunua chupa hata moja ya antibayotiki. Alikuwa ameandika idadi za pumzi nyuma ya kitabu cha kliniki: 28, 31, 29.

Kata kipande hiki ukibandike ukutani

Mpeleke mtoto hospitalini mara moja, usiku au mchana, ukiona hata moja kati ya dalili hizi:

1. Hawezi kunywa wala kunyonya.
2. Anatapika kila kitu anachopewa.
3. Amepata degedege. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha mkimbize.
4. Amelegea, haamki vizuri au hamtambui mzazi.
5. Anapumua haraka: mara 40 au zaidi kwa dakika (miaka 1 hadi 5), mara 50 au zaidi (miezi 2 hadi 11).
6. Kifua kinabonyea ndani, au anakoroma kwa sauti kali akivuta hewa akiwa ametulia.
7. Macho yamedidimia, hakojoi, au kuna damu katika choo.
8. Ni kichanga cha chini ya miezi miwili na ana homa.

Usipoona hata moja kati ya hizo, na mtoto anacheza, mfute kamasi, mpe uji, na umwache mwili wake uendelee na masomo yake.